Zaidi ya Bei ya Gereji

Watu wa Kuze, mtaa wa kale wa Mombasa, walimjua Mwanatumu kwa pua kabla ya kumjua kwa macho. Penye harusi, maulidi au hitima, harufu ya pilau yake ilifika vichochoroni kabla ya masinia. Alikuwa mpishi wa shughuli. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na mamake.

Mumewe aliitwa Shee. Mwanatumu alipika, Shee alibeba. Walikuwa na pikapu moja kuukuu, ya rangi ya samli. Vichochoro vya Kuze ni vyembamba na gari halipiti, kwa hiyo Shee aliegesha barabarani, kisha yeye na hamali mmoja wakayatoa masufuria kwa mikono. Siku zisizo na shughuli, aliwabebea watu wa maduka ya fanicha vitanda na makabati. Pilau ililisha nyumba, na pikapu ililipa kodi yake. Shee alikuwa mtu wa mzaha. Alipenda kusema kwamba yeye ndiye dereva pekee wa Mombasa anayefuatwa na paka kutoka Kuze mpaka Kilindini.

Mwezi wa nane mwaka wa 1996, alikuja nyumbani kwao mwanamke mmoja aitwaye Jael. Kwao ni magharibi mwa Kenya, lakini alikuwa ameishi Mbaraki miaka mingi. Kaka yake, Bramwel, alikuwa akioa. Bibi harusi alikuwa Mapenzi, msichana wa Kilifi. Jael alieleza kwamba shangazi zake watakuja kwa gari moshi na watapika ugali na kuku kama wanavyotaka wao. Lakini watu wa Mombasa watakaokuja harusini watauliza pilau, na pilau alitaka ya Mwanatumu. Wakapatana. Jael akatoa arubuni, akanywa kahawa, akaenda zake.

Siku kumi kabla ya harusi, Shee alikwenda Mbaraki kutazama mahali pa kuweka meko. Alikuwa akirudi polepole. Katika njia panda moja, lori lilitoka upande wake wa kulia bila kusimama. Likaipiga pikapu mlangoni, likaisukuma mpaka kwenye ukuta.

Shee hakupoteza fahamu. Alisikia mkono wake wa kulia umekufa ganzi, kisha ukaanza kuuma. Mlango ulikuwa umekunjika kama karatasi. Rejeta ilikuwa ikimwaga maji.

Dereva wa lori aliitwa Joab. Hakukimbia. Alishuka, akamtoa Shee kwa mlango wa pili, akamkalisha kivulini na kumfunga mkono kwa shati lake. Polisi walipokuja, aliwaambia mwenyewe kwamba alikuwa akiangalia karatasi za mzigo wa bandarini na hakusimama palipotakiwa. Akatoa jina la tajiri wake, na jina la kampuni ya bima iliyoandikwa kwenye stika ya kioo cha mbele. Polisi wakaandika yote.

Hospitalini waliona kwamba mfupa umevunjika karibu na kiwiko. Shee akatiwa plasta kuanzia bega mpaka kiganja. Daktari akamwambia asiendeshe gari wala asinyanyue kitu mpaka atakapopona, na arudi kila wiki kutazamwa.

Usiku ule Mwanatumu hakulalamika. Alimlisha mumewe wali kwa kijiko, kama mtoto. Shee akamwambia kuwa kama angelijua, angelivunjika mkono zamani. Mwanatumu akacheka, lakini moyoni alikuwa akiiwaza harusi ya Jael. Pikapu haipo. Dereva hayupo. Mbebaji hayupo. Dereva na mbebaji walikuwa mtu mmoja, naye amelala na mkono umefungwa shingoni.

Wengine wangerudisha arubuni. Mwanatumu hakutaka kuvunja ahadi, wala hakutaka kupoteza jina. Akakodi pikapu ya mtu mwingine pamoja na dereva wake. Akaajiri hamali wawili zaidi wa kunyanyua masufuria. Siku ya harusi, Shee alikwenda pia. Alikaa kitini karibu na meko akitoa amri kwa mkono mmoja, mpaka wapishi wakamwomba akae mbali kidogo. Pilau ikaliwa ikaisha. Hata shangazi za Jael waliokuja na unga wao wa ugali waliomba ukoko.

Faida ya kazi ile, hata hivyo, ilikwenda kwa mwenye pikapu na kwa hamali. Na juu ya hayo kulikuwa na teksi za kwenda na kurudi hospitalini, dawa, na zaidi ya wiki nzima ambayo hakuna kitanda wala kabati lililobebwa.

Jumatatu yake, afisa wa kampuni ya bima ya lori alifika Kuze. Alikuwa kijana mpole. Alikuwa ameikagua pikapu gerejini na kukubali gharama ya kuitengeneza. Akamwachia Shee karatasi ya kutia sahihi, akamwambia ailete ofisini kesho na fedha za gereji zitalipwa.

Shee alifurahi mno. Alisema kumbe Mungu huwatuma watu wema. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, akaanza kujifunza kutia sahihi kwa mkono wa kushoto. Ilitoka kama njia ya siafu.

Alasiri ile Jael alibisha hodi. Alikuwa amekuja kurudisha masinia yaliyosahauliwa na kutoa shukrani za familia. Siku ya harusi alikuwa na shughuli nyingi, hakupata nafasi ya kuuliza kuhusu ule mkono. Sasa akauliza. Shee akamsimulia yote, mpaka karatasi ya bima. Jael akaomba aione.

Hapo ndipo walipojua kazi yake. Jael alikuwa karani wa madai katika kampuni ya bima, nyingine kabisa, si ile ya lori. Kila siku alisoma habari za magari yaliyogongana. Aliisoma karatasi taratibu, kisha akaiweka juu ya mkeka.

"Bwana Shee," alisema, "umesoma mstari huu wa chini?"

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Shee akakiri kuwa alisoma jina lake tu, na jina lilikuwa sawa.

"Mstari huu unasema hivi. Ukipokea fedha za gereji, umeridhika kwa kila kitu kilichotokana na ajali hii. Hutadai tena. Si mkono, si teksi, si pikapu mliyoikodi."

"Kwani hayo nayo hudaiwa?" Mwanatumu akauliza.

Jael akawaeleza kwa utulivu, na Mwanatumu akamsogezea kahawa ili asiharakishe. Alisema kuwa sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuendesha gari barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Watu wengine hao ni kama Shee: mtu aliyegongwa na asiye na kosa. Aliyekosa anawajibika kumrudisha aliyeumizwa pale alipokuwa kabla ya ajali, kwa kadiri fedha zinavyoweza, na bima humlipia aliyekosa deni hilo. Sasa, kabla ya ajali Shee alikuwa na pikapu nzima. Lakini pia alikuwa na mkono mzima. Alikuwa na kazi ya kubeba fanicha. Hakuwa akilipa teksi kwenda hospitalini. Ajali moja ilikuwa imetoa gharama za aina mbili: zile zinazoonekana gerejini, na zile zinazofuata nyuma kimyakimya. Za pili ndizo watu husahau, na mara nyingine ndizo kubwa.

Uso wa Shee ulikuwa umebadilika. Hakufurahi.

"Mimi naona haya," alisema mwishowe. "Yule Joab alinitendea wema. Alinifunga kwa shati lake. Leo nimdai mpaka nauli ya teksi? Watu watasema Shee amefanya ajali yake duka."

Hakuna aliyecheka, maana alisema la moyoni mwake.

"Humdai Joab," Jael akajibu. "Tajiri wake amelipa bima kila mwaka kwa ajili ya siku kama hii. Wala hudai faida. Ukidai ulichopoteza, hiyo ni haki yako. Ukidai usichopoteza, huo ni wizi. Mpaka ni huo tu."

Mwanatumu akaongeza la kwake. Alimkumbusha mumewe kwamba mwenye nyumba hatapokea wema wa Joab badala ya kodi. Na kuhusu mkono, akasema, mwenye kovu usidhani kapoa. Ikiwa mkono hautakunjuka vizuri, nani atanyanyua masufuria? Shee akaitazama plasta yake. Akakunja karatasi ya bima, akasema hatatia sahihi kesho. Atakwenda, lakini atakwenda na maneno.

Jael akawaambia la kufanya. Kwanza wapate abstrakti, ile karatasi ya polisi inayoeleza ajali ilivyotokea na bima ya kila gari. Pili, wapeleke kwa daktari fomu ya polisi iitwayo P3 ili aandike jeraha lilivyo. Tatu, kila kilicholipwa kwa sababu ya ajali kiwe na ushahidi: risiti ya dawa, risiti ya teksi, maandishi ya mwenye pikapu iliyokodiwa. Na kwa mapato yaliyopotea, watafute barua kutoka kwa wenye maduka ya fanicha, waeleze Shee alikuwa akiwafanyia kazi gani na kwa ujira gani. Tena wasikodi kitu cha fahari. Bima hulipa kilichohitajika, si kilichotamaniwa. Na wasikawie, kwa sababu madai yana muda wake katika sheria.

Kuanzia kesho yake, kazi ikawa hiyo. Mwanatumu alitembea. Karatasi ya polisi aliipata siku ya pili. Wenye maduka wawili waliandika barua mara moja, maana makabati yao yalikuwa yamejaa mlangoni na walimwombea Shee apone upesi kushinda hata alivyomwombea mkewe. Mwenye pikapu aliandika vizuri. Dereva wa teksi ndiye aliyesumbua. Hakuwa amewapa risiti hata moja, wala hakukumbuka aliwapeleka mara ngapi. Mwanatumu akaenda hospitalini, akatazama kadi ya Shee yenye tarehe za kutibiwa. Akamrudia yule dereva na tarehe hizo. Dereva akakumbuka, akaandika, akatia sahihi. Tangu siku ile Mwanatumu hakushuka kwenye teksi bila risiti mkononi.

Lilibaki suala la gereji. Fundi wao, Ngala, alikuwa rafiki wa Shee wa tangu utoto. Aliposikia kwamba bima itaombwa na gharama nyingine, alimvuta Shee pembeni. Alikuwa na kitabu cha risiti na kalamu. Alisema kampuni za bima zina fedha kama mchanga. Angeweza kuandika kuwa injini nayo iliharibika, na kwamba pikapu ilivutwa kwa gari la kuvuta, hali ilisukumwa na vijana wa Mbaraki kwa soda tu.

Shee hakukasirika. Ngala alidhani anamsaidia.

"Ngala, ndugu yangu," alisema, "karatasi zangu zote ni za kweli. Nikichanganya moja ya uongo, hata zile za kweli zitanuka. Niandikie ulichokitengeneza. Na hizo soda, niandikie soda."

Ngala akacheka mpaka akaangusha kalamu. Lakini akaandika kweli.

Wiki iliyofuata, Shee na Mwanatumu walikwenda katika ofisi ya bima ya lori. Shee alivaa kanzu, mkono mmoja wa kanzu ukining'inia mtupu. Yule afisa kijana akawakaribisha, akauliza kama karatasi imetiwa sahihi. Shee akamwambia kwa adabu kwamba hawezi kuitia, kwa sababu inasema ameridhika, naye bado hajaridhika. Afisa akasema kuwa kwa kawaida wao hulipa gharama ya gari na mambo yakaisha.

Mwanatumu akamwekea karatasi mezani, moja baada ya moja. Hakupandisha sauti. Alizieleza kama anavyoeleza viungo vya pilau: hii ni ya nini, inatoka wapi, na bila hii kungetokea nini. Bila pikapu ya kukodi, harusi nzima ingelikosa chakula na yeye angelirudisha arubuni, na hasara ingelikuwa kubwa zaidi. Afisa alisoma. Akauliza maswali mazuri, akajibiwa. Mwishowe akasema hawezi kukata shauri peke yake, akaingia kwa mkubwa wake.

Walikaa sana. Shee akaanza kunong'ona kwamba pengine wangelichukua zile za gereji. Mwanatumu akamwambia anyamaze na ahesabu baraka zake. Shee akasema amezihesabu, zote zimo kwenye plasta.

Mkubwa alitoka mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Alikubali madai mengi, lakini si yote. Teksi, dawa, pikapu ya kukodi na hamali walioajiriwa kwa sababu ya mkono wa Shee, alivikubali. Mapato ya kubeba fanicha aliyakubali pia, lakini baada ya kutoa mafuta ambayo Shee angeyanunua kama angefanya kazi. Shee akaona hiyo ni haki. Mafuta hayakununuliwa, basi hayakupotea. Kanzu iliyochanika siku ya ajali, hiyo aliikataa, maana Shee hakuwa na ushahidi wa bei yake. Soda za Mbaraki alizikubali, akitabasamu.

Kisha Mwanatumu akauliza jambo aliloambiwa na Jael alishike sana. Mkono je? Mkubwa akajibu kwamba jambo la mkono litangoja mpaka daktari aseme umepona kiasi gani. Mwanatumu akaomba karatasi mpya iseme hivyo hasa, kwamba fedha hizi ni za gari na gharama zilizokwisha kutumika mpaka leo, na madai ya jeraha yamebaki wazi. Karatasi ikapigwa chapa upya. Waliomba muda wakaipeleka kwa Jael, akaisoma yote, akawatafsiria. Ndipo Shee alipotia sahihi kwa mkono wa kushoto. Safari hii ilisomeka.

Fedha zilikuja baada ya wiki kadhaa. Hazikuwafanya matajiri, ila kodi ya nyumba ililipwa, na dukani Mwanatumu alimaliza deni la mchele. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba kama mwiko, lakini ulikunjuka. Daktari akaandika hali yake, na miezi michache baadaye madai ya jeraha nayo yakamalizwa bila kufika mahakamani. Joab alikuja Kuze kumjulia Shee hali. Alikuwa akiogopa kuonana naye. Aliondoka usiku, ameshiba, na bakuli la biriani la kuwapelekea wanawe.

Maembe yalipoingia sokoni kwa wingi, Shee na Mwanatumu walikwenda soko la Marikiti kununua vitunguu vya harusi nyingine. Shee alikuwa akirudi kinyumenyume apakie magunia. Hakuangalia vizuri. Pikapu ikaigonga meza ya mwanamke mmoja muuza matunda. Miguu ya meza ikavunjika. Maembe yakabingirika mpaka katikati ya njia, na mizani ikalala chini imepinda.

Watu wakakusanyika. Walingoja ugomvi, kama ilivyo ada ya sokoni. Shee akashuka haraka, akahakikisha kwanza kwamba hakuna aliyeumia.

"Kosa ni langu, mama," alisema. "Sikuangalia nyuma. Gari hili lina bima, na jina lake ni hili hapa. Twende polisi waandike."

Mwanamke huyo aliitwa Loise. Alikuwa amekwisha kushika kiuno tayari kwa vita, akabaki hajui mikono aiweke wapi. Akasema anataka meza yake na maembe yake, basi.

"Na mizani?" Shee akauliza. "Na siku utakazokosa kuuza? Na ukikodi meza ya mwenzio mpaka yako itengenezwe? Hayo yote ni hasara yako. Omba risiti, usiache hata moja. Na karatasi usiitie sahihi mpaka usomewe mpaka mwisho."

Loise akamtazama juu mpaka chini.

"Samahani, baba," alisema. "Wewe uko upande wangu au upande wa bima yako?"

"Mimi ndiye niliyekugonga," Shee akajibu. "Nani mwingine akwambie?"

Mwanatumu alikuwa ameinama, anaokota. Maembe mazima aliyarudisha kwenye kapu la Loise. Yaliyopondeka aliyatia kwenye kapu lake mwenyewe, akatoa fedha na kuyalipa palepale.

"Haya nayanunua mimi, nitayafanyia achari," alimwambia Loise. "Kwa hiyo haya usiyadai."